Promota Amefuata Maski Wodini

Jamani, naandika hii nikiwa na hasira.

Mnamjua Fisi wa Kasigau, yule mwanamieleka wa maski hapa Voi? Ni ndugu yangu, Mwadime. Jana alirushwa nje ya ulingo akavunjika bega. Watu wakacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Promota naye akaagiza muziki uongezwe.

Leo mchana promota huyo akaingia wodini. Nikasimama kumpa kiti. Nilijua amekuja kulipa bili, ama hata kusema pole tu.

Hakumsalimia mgonjwa.

"Maski iko wapi? Jumamosi tuna shoo Taveta."

Nikamuuliza, "Na Mwadime je?"

"Fisi ni mali ya kampuni. Nishapata mtu wa kuivaa."

Mali ya kampuni!

Jina hilo Mwadime alilitunga mwenyewe. Maski hiyo mama aliishona kwa pazia letu la sebuleni, huko Rukanga. Lakini bega likivunjika si la kampuni tena, eti kila mchezaji ajisimamie.

Wakati huo wote mama alikuwa kando ya kitanda, anamlisha Mwadime uji. Akaweka kijiko chini, akatoa maski kwa kikapu chake, akamnyooshea promota.

"Haya baba, vaa. Jumamosi urushwe wewe."

Hakuigusa. Akatoka bila kuaga.

Najua atashonesha nyingine. Sasa nyinyi mnaoenda Taveta, Fisi akianguka asiinuke, tafadhali msicheke.