Karibu Iliyomponyoka Askari

Mwezi wangu wa kwanza wa ndoa, mama mkwe alinifukuza jikoni kwake. Nilikuwa nimeingia kimya, natafuta kaa la kuwashia jiko langu, naye alikuwa ameinama anapepeta mchele. Alishtuka, mchele ukamwagika. Hakunitukana. Alininyooshea mkono nje, nikatoka hadi uani, kisha akaniambia nianze upya.

"Muntu anaingia ku nyumba ya watu bila kupiga hodi, ule njo muloji ao mwizi," alisema, yaani mchawi au mwizi. "We uko nani?"

"Hodi," nikasema, machozi yakinilenga.

"Karibu, mutoto wangu," akajibu kwa sauti tamu kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza ananiona siku hiyo.

Nilimchukia wiki nzima. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, nimesoma, nimebatizwa na kupewa kipaimara, na huyu mama wa watu wa mtoni, anayeswali mara tano kwa siku na kunuka samaki siku zote, ananifundisha kuingia mlangoni! Tena nilijiambia kwamba neno lenyewe si letu. Lililetwa Maniema na wafanyabiashara wa pwani, wale wa pembe na minyororo, na wao walipokuja hawakumpigia mtu hodi. Lakini mama mkwe hakujali historia yangu. Kila nilipokanyaga uani kwake ilibidi niseme, na kila niliposema alijibu, hata akiwa katikati ya ugomvi, hata akiwa amenuna. Baada ya miaka mitatu neno lilikuwa linanitoka lenyewe. Nilipiga hodi hata nikiingia kwenye darasa tupu.

Tulikaa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, na mji wenyewe wa Kindu uko upande wa pili: bandari, stesheni, hospitali kubwa. Wakati wa amani mto si kitu. Unapanda mtumbwi na kuku wako na dumu lako la mawese, unapiga soga, umefika. Vita vilipokuja mto ukawa ukuta. Askari waliushika mji, vijana wa msituni wakazunguka mashamba, na sisi wa ng'ambo tukashukiwa na pande zote mbili. Treni ilikoma. Mume wangu, mfanyakazi wa reli, alikuwa amekwenda kusini na mabehewa, akakwama huko miaka. Hakuna aliyeweza kutuambia kama yu hai. Nyumbani tukabaki mimi, mama mkwe na binti yangu, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka miwili.

Amri ikatoka: hakuna mtumbwi mtoni kabla jua halijawa juu, na chochote kitakachoonekana juu ya maji kipigwe risasi. Hatukuiamini sana hadi ilipompata jirani yetu. Alikuwa mtumbwini, ameuinua mgono wake wa kutegea samaki, ule mrefu wa fito, akauweka begani. Kutoka ng'ambo mtu aliudhania bunduki, akapiga. Mgono ulirudi kwetu ukielea; yeye alipatikana baada ya siku mbili. Watoto wake wawili walikuwa darasani kwangu, na wiki ile nilishindwa kuwatazama usoni.

Siku chache baadaye binti yangu alishikwa na homa. Zahanati ya Alunguli ilikuwa imeporwa hadi vitasa. Kulipokucha siku ya tatu alikuwa na degedege, na viganja vyake vilikuwa vyeupe kama muhogo uliomenywa. Mama mkwe alimgusa, akaenda kuchukua kasia lake. Hakuniuliza. Nilimfuata na mtoto kifuani kwa sababu nilijua, na sitaki kulipamba jambo hili, kwamba tukingoja jua mtoto atakufa.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Mama mkwe alisema bismillahi, akasukuma mtumbwi, akapiga kasia bila sauti, kama alivyofundishwa na baba yake kuwavizia samaki. Tulipita katikati, tukaukaribia upande wa pili. Nakumbuka nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto. Kisha ukungu ukapasuka, ghafla tu, na ukingo wa bandari ukawa pale mbele: magunia ya mchanga, bati, na askari amesimama, bunduki yake imetuelekea.

"Inama," mama mkwe alinong'ona.

Sikuweza kuinama, mtoto alikuwa anatetemeka kifuani kwangu mwili mzima. Nilitaka kusema tuna mgonjwa. Nilitaka kusema sisi ni raia, mimi ni mwalimu, usipige. Maneno hayo yote nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani. Nilipofungua mdomo likatoka jingine, kwa sauti ile ile ya uani kwa mama mkwe, sauti ya asubuhi yoyote:

"Hodi!"

"Karibu," askari akajibu.

Alijibu kabla hajafikiri. Niliona kwa macho yangu jinsi neno lilivyomponyoka, na jinsi alivyoduwaa baada ya kujisikia. Mwenzake nyuma ya magunia aliangua kicheko, halafu akamtukana. Yule kijana hakucheka. Alisimama vile vile kwa muda, bunduki bado iko juu, na mimi nikajikojolea ndani ya mtumbwi, nalisema wazi. Kisha akaishusha, akateremka majini na viatu vyake, akaishika ncha ya mtumbwi wetu na kuuvuta.

"Hamujui amri?" alifoka. "Leo ningeua watu bure!"

"Mutoto iko mugonjwa, mwanangu," mama mkwe alimwambia.

Akamtazama mtoto. Akageuka kuwatazama wenzake. "Mupite kule chini, ku mabehewa. Musipite mbele ya mukubwa." Tulipokwisha kushuka alituita tena, na alichosema alikisema kama mtu anayejitetea mbele ya mama yake. "Nilishasema karibu. Sasa nitapiga namna gani muntu nilimwambia karibu?"

Hospitalini walimwongezea mtoto damu, ya kwangu mimi. Akapona. Yule kijana sikumwona tena, na jina lake sikulijua. Nimemwombea miaka yote hii, na mara nyingine nasita katikati ya sala, kwa sababu ukingo ulikuwa ule ule, na huenda kidole kilichommaliza baba wa wanafunzi wangu kilikuwa chake. Bado namwombea. Mungu atachambua mwenyewe.

Binti yangu sasa ni mrefu kuliko mimi. Alisoma mambo ya kompyuta hadi chuo kikuu, kisha akakaa miaka mitatu bila kazi, anatengeneza simu za watu sokoni. Nampenda kiasi cha kujionea aibu. Akiingia nyumbani bado namtazama viganja. Kwa hiyo aliponiambia amepata kazi, kazi ya kweli, nilipiga vigelegele hadi majirani wakachungulia.

Ilikuwa msimu wa mvua uliopita. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, uani, naye akanieleza. Kuna wageni wanatengeneza mashine ya kulinda. Itasimikwa kwenye kingo za mito, kwenye njia panda, na kwenye machimbo ya kule Punia na Pangi. Itakuwa na macho, masikio na bunduki, na hakutakuwa na mtu nyuma yake. Itaona, itasikia, itaamua. Kazi ya binti yangu ni kukusanya sauti za watu wa Maniema, ili mashine izoee Kiswahili chetu. Alikuwa amekwisha kuwarekodi wachache kwa majaribio. Zilibaki sauti za mwisho, kisha angetia saini mkataba wa miaka miwili. Mkataba alikuwa nao, umekunjwa ndani ya daftari. Alitaka sauti yangu iwe miongoni mwa hizo. Na ninavyomjua, alitaka pia baraka yangu bila kuiomba.

Niliacha kutwanga. "Itaua yenyewe?"

"Mama, nilijua utasema hivyo." Alivuta kigoda, akakaa karibu nami. "Sikia. Mashini hainywi pombe. Haishiki wanamuke kwa nguvu. Haiogopi, haina kisasi, haisikii njaa ikapora kuku ya watu. Ule jirani yetu wa mugono, mashini ingemuona muzuri. Ingejua ile njo mugono."

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya hasira, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nimeishi na askari wenye moyo na damu, na najua walichowafanyia wanawake wa mtaa wangu. Anayesema binadamu mwenye bunduki ni mpole hakulala Kindu miaka ile. Kama mashine ingemwacha hai baba wa watoto wale, mimi nani niikatae? Nilirudi kutwanga, kwa nguvu kuliko sombe ilivyohitaji.

"Na siye?" nikauliza baadaye. "Siku ile ku pirogi. Ingefanya nini?"

Kisa cha mtumbwi anakijua kama sala. Hakunijibu haraka haraka, na hilo nalipenda kwake. Alisema atawauliza.

Aliwaandikia, na jibu likaja baada ya siku nne. Akanisomea barazani. Walikuwa wamefurahi sana na swali lake, wakamshukuru. Hodi itawekwa kwenye orodha, na mashine itaihesabu kuwa dalili ya mtu asiye na nia mbaya. Kama adui naye atajifunza kuitumia, wataiondoa.

"Na ikishasikia hodi yangu," nikauliza, "itanijibu nini?"

"Haijibu kitu, mama. Itakuacha tu upite."

"Itaniacha."

"Ndiyo."

Sikuweza kumweleza vizuri kilichoniuma, na mimi ni mwalimu, kueleza ndiyo kazi yangu. Nilijaribu. Nilimwambia yule kijana alifanya zaidi ya kutuacha. Aliposema karibu alijifunga mwenyewe. Tukawa wageni wake, akaloa viatu kwa ajili yetu. Adui akipiga hodi kwa hila, aliyejibu atadanganyika, ataumia, ataona haya, lakini kesho jirani akipiga hodi atajibu tena. Huwezi kumfutia neno hilo. Binti yangu alisikiliza hadi mwisho.

"Lakini mama," akasema polepole, "kama hangejibu?"

Kama hangejibu, tusingekuwa pale barazani tunabishana.

Mwisho nilikubali, ingawa hakuwa amenishawishi. Alikuwa mwanangu, alikuwa amengoja kazi muda mrefu mno, na sauti yangu niliiona kitu kidogo cha kumnyima. Jumamosi mchana, mvua imekatika, tulikaa uani, simu juu ya kinu kilichofudikizwa. Mlango wa chumba cha mama mkwe ulikuwa wazi ili apate hewa. Amezeeka sana. Mume wangu, mwanawe huyo, alirudi baada ya vita, akaishi nasi, akafa kitandani kwake kwa amani, na mama yake hakumbuki kurudi kwake wala kufa kwake. Mimi ananiita kwa jina la dada yake. Akimwona binti yangu anadhani ni muuguzi. Siku nyingi hasemi kabisa.

Orodha ilikuwa ya sentensi fupi. "Usipige." Nikasema. "Mimi ni raia." Nikasema. "Niko na mutoto." Hiyo ilibidi niirudie, sauti ilinikatika. Kisha akanionyesha la mwisho.

"Hodi," nikasema.

"Karibu, mama," binti yangu akajibu.

Tukatazamana. Rekodi ilikuwa imeharibika, maana sauti ya mtu mwingine haitakiwi humo. Alicheka, akajipiga paji la uso, akaniomba turudie. Safari hii alijiziba mdomo kwa kiganja. Akabonyeza simu, akaniashiria kwa macho.

"Hodi!"

Alijikaza. Niliona machozi yakimjaa kwa kulizuia neno, lakini akaweza. Uani pote kulikuwa kimya. Rekodi ilikuwa safi, na alikuwa amekwisha kunyoosha kidole aizime.

"Karibu!" ikasema sauti kutoka chumbani, sauti tamu kabisa. "Karibu, mutoto wangu. Ingia."

Binti yangu aliondoa mkono mdomoni. Alikaa akiutazama mlango wa bibi yake, simu ikiendelea kurekodi matone ya mvua yanayodondoka kutoka kwenye bati. Kisha akaizima. Akautoa mkataba kwenye daftari, akaukunja tena, mara nyingi, hadi ukawa mdogo wa kuenea kiganjani.

"Siwezi, mama," akasema. "Kesho nitawaandikia."

Nililia, kwa kumwonea huruma na kwa furaha, na hadi leo sijui kipi kilizidi. Kule chumbani kitanda kilikuwa kinalia. Mama mkwe alikuwa anajisogeza ukutani ili atupishe pa kukaa. Alikuwa ameshasema karibu. Tukavua viatu, tukaingia.