Vichwa vya Muhonja wa Khayega

Mimi si mtu wa kusifu ovyo. Nashona viatu hapa Khayega, na kazi ya viatu inakufundisha kuwaangalia watu kuanzia chini, mahali ambapo hawajajipamba. Lakini Muhonja wa saluni nitamsifu, na asiyetaka kusikia aende akanywe chai.

Saluni yake imepakana na chumba cha gemu, ukuta wa katikati ni bati tupu. Vijana wa boda boda wakikosa abiria huingia humo, wakashika pedi na kucheza mpira wa kwenye televisheni. Sheria yao ni moja: aliyefungwa anainuka, anampisha mwingine. Sijawahi kusikia hata mmoja akiinuka kwa sababu amecheza vibaya. Pedi ilikwama. Jua lilipiga kioo. Refa alinunuliwa, kana kwamba ndani ya ile mashine kuna refa mwenye mfuko. Mtu mwingine angepiga bati kwa ngumi awanyamazishe. Muhonja alisuka nywele za watu huku akisikiliza na kucheka peke yake.

Siku moja alikuja kuniomba patipati kuukuu, ndala za mpira zisizoshoneka tena. Nikadhani anataka za kuwashia jiko. Kumbe anazichonga kwa wembe, anatengeneza sanamu ndogo za watu, urefu wa kidole. Huyu ana reflekta ya njano, yule kofia ya pikipiki asiyoivua hata akicheza. Kila mmoja ana vichwa kadhaa: kimoja kinacheka, kingine kinalia, kingine kimefumba macho kinamwomba Mungu goli. Shingoni amechomeka pini ili vichwa vibadilishwe. Asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, anawapanga dirishani ndani ya katoni, televisheni yao ni kiberiti, anawapiga picha kwa simu, anaandika maneno yao na kuwatuma kwenye WhatsApp. Picha nne au tano, hadithi imekwisha, na soko zima linashika mbavu.

Mhusika mkuu alikuwa Griffin, kijana wa boda boda mwenye pengo na visingizio. Katika hadithi ninayoipenda zaidi, Griffin anafungwa, anasema pedi imekufa. Anabadilishana pedi na mwenzake. Anafungwa tena, anasema hata hii imekufa. Picha ya mwisho ni matanga: hema, kwaya, foleni ya chakula ndefu kuliko ya kuaga maiti, pedi imelala sandukuni, na mhubiri anasema, "Marehemu alifanya kazi vizuri sana mikononi mwa watu wengine." Nilicheka hadi sindano ikanichoma. Griffin mwenyewe ndiye aliyeisambaza kuliko wote. Kumcheka mtu bila kumdharau ni kipaji, na wengi wetu tumenyimwa. Tena hakuwaandama vijana peke yao. Alimweka mzee ambaye fahali wake ameshindwa uwanjani kwenye mapigano ya mafahali, anawaeleza watu kwamba nyasi zilikuwa na umande. Tangu siku hiyo wazee walipunguza kusema kwamba gemu inaharibu watoto.

Basi, mama yake Griffin, anayeuza mboga sokoni, akaja kusukwa. Simu yake ni ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo hadithi hizi hakuwahi kuziona. Aliponyoosha mkono rafuni kuchukua kioo, akashika kopo la siagi. Ndani akamwona mwanawe. Reflekta ni ile ile, lakini juu ya mabega hakuna kitu, ila pini iliyosimama shingoni. Pembeni vimelala vichwa, vyote vina pengo la Griffin. Na Griffin wa nyumbani, shingo ilikuwa imemkaza tangu Jumapili, hageuki kushoto wala kulia.

"Huyu ni mtoto yangu," akasema. "Kichwa yake iko wapi? Na mbona umemdunga hapa kwa shingo?"

Muhonja akaanza kueleza, lakini Mama Griffin alikwishatoka, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Hakuna tangazo linaloshinda hilo. Jina aliloitwa Muhonja siku hiyo sitaliandika, maana huku kwetu linaweza kumchomea mtu nyumba. Wateja wakakatika. Griffin akajitetea kwamba shingo inauma kwa kuinamia gemu, mama yake akamjibu kwamba aliyefanyiwa hawezi kujua. Akina mama wa soko wakakata shauri: Jumamosi sanamu zichomwe mbele ya watu, na mwenyewe afunge saluni arudi kwao Vihiga. Nilikasirika, nikawaambia maneno ambayo hayasemwi kanisani. Hayakusaidia kitu.

Jumamosi wakaja na mafuta ya taa. Muhonja alikuwa ameketi nje ya saluni, ameshika sanamu ambayo sikuwahi kuiona. Alikuwa ni yeye mwenyewe, na aproni yake ya buluu, na kitana mkononi. Akaking'oa kichwa mbele yetu sote, akakiweka kwenye kiganja cha Mama Griffin na kumfunga vidole.

"Mama, hii ni kichwa yangu. Kaa nayo. Kama hii kitu inauanga watu, nitaanza mimi. Nisipokufa, mtaniachia watu wangu."

Mtu aliyebeba mafuta ya taa akayaweka chini. Mama Griffin akakifunga kile kichwa kwenye pindo la leso yake na kuondoka bila kuaga. Niliogopa sana siku hiyo, na sioni haya kusema hivyo.

Kuanzia hapo Mama Griffin akawa anapita kila asubuhi na kapu lake, anachungulia saluni. Muhonja anamsalimu, yeye anaitikia kwa mguno. Halafu, kana kwamba Mungu naye anapenda utani, Muhonja akaanguka. Ilikuwa malaria, nilimpeleka kliniki mimi mwenyewe na majibu niliyaona. Lakini soko halisubiri majibu ya kliniki. Kesho yake nilikuwa nimekaa mlangoni kwake nikamwona Mama Griffin anakuja mbio, hotpoti mkono huu, pindo la leso mkono ule.

"Mathew, anapumua?" akaniuliza.

"Anapumua."

"Mimi sijafanya kitu. Niliwekanga tu kwa leso. Hata sikuifinya."

Ndani ya hotpoti mlikuwa na supu ya ingokho, kuku wetu wa kienyeji. Alimwinua Muhonja akamnywesha kwa kijiko, haraka haraka hadi nusu ikaishia shukani. Kisha akalitafuta lile kopo, akaitoa sanamu ya aproni ya buluu, akafungua leso, akakichomeka kichwa kwenye pini kwa pupa.

"Watasema ni mimi," akasema. "Muhonja, wataniita ile jina."

Muhonja hakufumbua macho. "Hawatasema. Nitawaambia ni mbu."

Mama Griffin akaketi sakafuni. "Na mimi sikukusemea," akasema, akalia kama watu wanavyolia msibani, bila kujificha.

Muhonja alipona, wateja wakarudi, na mteja wa kwanza alikuwa Mama Griffin, kumalizia ule upande uliobaki. Hadithi zinaendelea, na Griffin bado anafungwa. Sasa katika kila picha, pembeni, amesimama msusi wa aproni ya buluu ambaye uso wake umeangalia mgongoni. Kichwa kilichomekwa kinyumenyume siku ile ya homa, na Muhonja amekataa kukigeuza. Wageni waliotumiwa picha hizo, wanaponunua sukuma wiki sokoni, huuliza kwa nini yule mwanamke amekaa vile, na Mama Griffin huacha kukata mboga ili awajibu vizuri.

"Hiyo kichwa," anasema, "niliweka mimi."