Mkwe wa Ndani ya Simu

Siku hizi Mzee Asukile anaingia nyumbani kwake Uyole bila kukohoa. Zamani alikuwa akianza kukohoa tangu kwenye migomba, ili Violet, mke wa mwanawe Yotamu, apate muda wa kupotelea jikoni. Katika ukoo wao wa Kinyakyusa, mkwe na baba mkwe hawaonani. Salamu, shukrani, hata ugomvi, vyote hupitia kwa mama mkwe. Sasa mlango unafunguka tu, na ubaridi wa ukungu unaingia pamoja naye.

Violet alitunga michezo ya maandishi kwenye simu. Aliieleza akili mnemba mahali na watu, nayo ikaandika hadithi. Mchezaji alijibu apendavyo, na hadithi ikafuata jibu lake. Ofisi ndogo ya vijana huko Iringa ikaipenda kazi hiyo, ikamwita aje kuajiriwa. Yotamu alikubali. Mzee akagoma.

“Mtu mzima aache kwake akachezee simu?”

Violet hangeweza kumbembeleza. Akamtungia mchezo, mchezaji akiwa baba mkwe, akaupitisha kwa Mama Yotamu, mama mkwe wake.

Mzee akaweka kando kikombe chake cha chai, akavaa miwani. Hakusoma sana, akaruka kutoka kwenye kochi na kukimbilia uani.

“Mama Yotamu! Ameingia, kanishika mkono, sasa amekaa karibu yangu!”

“Nani?”

“Mkwe!”

“Wapi?”

“Humo kwenye simu!”

Violet alikuwa amesahau kuieleza programu mila ya nyumba. Alisimama jikoni, mkono mdomoni, akiiona Iringa inayeyuka. Mama Yotamu alicheka hadi akashika ukuta.

“Rekebisha upesi, mwanangu, asije akalala nje.”

Violet akaurekebisha, na Mzee akaanza upya. Safari hii mkwe wa kwenye mchezo hakuonekana; maneno yake yaliletwa na mama. Ameitwa kazini, anaomba ruhusa. Mzee akaandika kwa kidole kimoja: “Kazi gani hiyo?”

Mchezo ukajibu: “Mama anarudi na jibu. Ni kutunga hadithi kama hii unayoisoma sasa, mpaka chai yako imepoa.”

Mzee akagusa kikombe chake. Kilikuwa cha baridi kama jiwe la mtoni. Akacheka peke yake, kwa muda mrefu.

“Mwambie aende,” akamwambia mkewe, “ila aende na mumewe. Na yule wa kwanza, mshika mikono ya watu, asirudi hapa.”

Violet anaishi Kihesa, Iringa, pamoja na Yotamu, na anatunga michezo.