Gramu Tisa na Nusu

Nasema mapema ili tusipotezeane muda: hasira hii sijaimaliza, na sina haraka ya kuimaliza.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kata upande wa Murungu, Kibondo. Madawati ya sayansi hayakutosha, kwa hiyo mwalimu wa kemia alitangaza mchujo: wenye alama ndogo wangehamia mkondo wa sanaa. Mimi nilitaka unesi, na bila kemia, unesi usahau. Kazi ya mwisho ilikuwa hii: magnesiamu kloraidi imeyeyushwa kwenye nusu lita ya maji, ayoni za kloraidi zikawa moli sifuri nukta nne kwa lita. Chumvi hiyo ni gramu ngapi?

Niliifanya jioni, maharage yakichemka. Nusu lita ina moli sifuri nukta mbili za kloraidi. Lakini chumvi hiyo ikiyeyuka, kila moli moja hutoa kloraidi mbili, kwa hiyo yenyewe ni nusu tu, sifuri nukta moja. Zidisha kwa tisini na tano, uzito wa moli moja. Gramu tisa na nusu.

Sasa shuleni kwetu kulikuwa na ugonjwa tuliouita kulinganisha. Asubuhi, kabla ya kwenda mstarini, kinara wa darasa anataja jibu lake, wengine wote wanafuta ya kwao. Siku hiyo kinara alisahau kugawa kwa mbili, akatangaza kumi na tisa. Raba zikafanya kazi. Waliniambia nifute, nikakataa. Mwalimu naye, mtu mzima mwenye cheti, hakukokotoa chochote. Alifungua madaftari machache ya juu, akaona yote yanasema kumi na tisa, akasahihisha rundo zima kwa jibu hilo. Mimi nikala kosa.

Nilimfuata ofisini.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba uitazame tena. Kloraidi ni mbili."

"Marahaba. Yaani darasa zima wamekosa, umepata wewe tu?"

"Ndiyo, mwalimu."

Wenzake wakacheka. "Kiburi hicho kapeleke kwenu Burundi," akasema.

Kwetu Burundi! Nimezaliwa Kibondo, upande huu wa mpaka, wazazi wangu ni raia, na mimi nilikuwa nimeuliza habari za kloraidi.

"Reka, mwana wanje," mama aliniambia nyumbani kwa lugha yetu. "Achana naye, mwanangu. Utashindana na mwalimu?" Siku hiyo hata yeye nilimchukia.

Wiki iliyofuata nilikuwa mkondo wa sanaa. Ukuta wa kututenga na darasa la sayansi haukufika kwenye bati, sauti zote zilipita. Tukiwa katikati ya somo la historia nikamsikia mwalimu wa kemia, sauti yake ileile ya ofisini:

"Lile swali wote mlikosea. Kloraidi ni mbili, lazima mgawe."

Nikajikuta nimesimama.

"Mwalimu, kwa hiyo alama zetu unazikata?" Huyo alikuwa kinara.

"Zinabaki. Majina yameshakwenda kwa mkuu wa shule."

Wakapiga makofi. Upande wetu, mwalimu wa historia akaniuliza nimesimama kwa ajili ya nini.