Unga wa Papai Niliomuuzia Mwasiti

Hapa Rumonge, ukitaka kujua kama mawese ya mutu iko safi ama ilitiwa maji, ulikuwa unamuita Mwasiti. Alichovya kidole, akaweka kwenye ulimi, akakuangalia. Kama ni mbaya, alitema karibu na muguu wako, na wiki hiyo hakuna mutu anakununua. Alikuwa mwanamuke mufupi, munene, na sauti ya kuita mutumbwi ulio mbali. Bwana yake alikufa mapema. Alichukua mapipa mawili ya marehemu, akachemsha chikichi nyuma ya nyumba mupaka akaezeka kwa mabati, wakati wanaume wengi wa mutaa wetu wa Waislamu tulikuwa bado chini ya paa la nyasi.

Mimi ni Asmani. Kwa mudomo sikuwa na mwenzangu toka hapa mupaka Nyanza-Lac, uliza watu. Shule niliacha kilasi ya pili, mwalimu alianza kuniuliza vitu ambavyo yeye mwenyewe hajui. Mutu mumoja tu alinishinda, ni Mwasiti. Nikipita kwenye mapipa yake:

"Asmani, namna umekonda hivi, bibi yako anakupikia ama anakuonyesha chungu tu?"

"Dada Mwasiti, nikinenepa kama weye tutapishana vipi njiani?"

Alicheka mupaka anashika kiuno. Kwa hiyo sikuwa namuuzia mugeni. Nataka ujue hilo kabla sijaendelea.

Kazi yangu ilikuwa maziwa ya papai. Asubuhi unakwaruza papai bichi na wembe, mistari mine, maziwa yanadondoka kwenye kitambaa ulichofunga chini yake. Unaanika kwenye bati, unasaga, unapata unga mweupe. Inakula vidole mupaka ngozi inatoka. Kila mwezi muzungu mumoja alikuja na kamiyo, gari ya mizigo, akabeba yote, akasema Ulaya wanalainisha nayo nyama, na wengine wanatengeneza dawa ya matumbo yasiyosaga chakula. Uhuru wa Burundi ulipofika, mwaka wa sitini na mbili, sisi tulicheza ngoma, yeye akarudi kwao. Ngoma ikaisha, mimi niko na madebe matatu ya unga na hakuna wa kununua.

Basi nikaweka meza sokoni. Nilinunua kipande cha mbuzi muzee, ile nyama unatafuna leo unameza kesho. Nikaikata, nikatia kwenye gilasi mbili za maji ya vuguvugu, moja na unga, moja bila. Mupaka saa sita za muchana, nyama ya kwenye unga inaachana kwa kidole. Nilikuwa nasema: "Tumbo lako iko hivi hivi. Chakula kinaingia kigumu, unga wangu unakitafuna, weye unalala." Watu wenye tumbo zito walinunua, na wengine walirudi kusema imewasaidia. Mupaka hapo nilikuwa muchuuzi tu kama wengine.

Mwasiti alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alianza kunywa maji kama mutu anazima moto, na pale alipojisaidia sisimizi walikuja kwa musululu kufuata sukari ya mukojo. Casimir, muganga wa dispanseri, alimupa vinini, vidonge vya kumeza, vilivyotoka Bujumbura, ambayo wakati ule tulizoea bado kuiita Usumbura. Alimukataza sukari, tende na ndizi mbivu. Tena akamwambia asifunge Ramazani, kwa sababu vinini na njaa havikai nyumba moja.

Hilo la mwisho ndilo lilimuumiza. Katika mutaa wetu, wanawake wa nyumba saba ama nane wanafuturu pamoja, sinia moja, kila siku kwa mumoja wao. Ramazani ya kwanza ya ugonjwa wake, Mwasiti hakufunga. Hakuna aliyemutukana. Walimuita kama kawaida, lakini alikaa pembeni na kisahani chake cha mihogo bila kitu, na mumoja akasema kwa kucheka, "Mwasiti amekula tangu asubuhi, tumuachie nini." Yeye anayetemea mawese ya watu alimaliza mihogo yake, akarudi nyumbani mapema. Alinihadisia mwenyewe, na hakuwa anatania.

Ramazani ya pili ilikuwa karibu, mwanzo wa sitini na tatu, alipokuja kwenye meza yangu. Watu walikuwa wengi. Akaangalia gilasi zangu.

"Asmani, huu unga unakula mbuzi muzee. Sukari je, inaweza?"

Watu wakageuka kuniangalia. Nilikuwa naweza kusema sijui. Neno ni fupi, hata kilasi ya pili walinifundisha. Lakini watu wote wale wananingojea nichekeshe, nami niseme sijui?

"Dada, itakula sukari na gunia lake," nikasema.

Wakacheka. Yeye akacheka pia, lakini akanunua kikopo.

Baada ya juma moja akarudi, tena siku ya soko. "Nimekunywa asubuhi na magaribi," akasema. "Sisimizi wako palepale. Nakupa siku tatu. Kama bado wanakuja, nitasimama hapa hapa na sauti yangu hii, unaijua."

Naijua. Naijua na ukubwa wake.

Kesho yake, alasiri, wakati Mwasiti iko kwenye mapipa na moshi umemufunika, nilipita nyuma ya ua na chupa ya mafuta ya taa. Nikamwaga kidogo kidogo kuzunguka pale anapojisaidia, nikafunika na mavumbi. Siku ya pili nikarudia. Nilikuwa najicheka mwenyewe, nikisema, Asmani, weye ni fundi.

Siku ya tatu Mwasiti alikuja sokoni, kweli akasimama, kweli akatoa ile sauti. "Sisimizi wamekwenda. Hata mumoja. Huyu mujinga amenipatia dawa."

Akaacha vinini vya Casimir. Akafunga Ramazani toka siku ya kwanza. Magaribi alikaa katikati ya sinia, uji wa sukari, tende, ndizi za mawese, na bibi yangu aliniambia hajamuona na furaha namna ile tangu bwana yake alipokufa. Alikuwa anakula unga wangu kijiko kizima kabla ya kila futari.

Nami niliuza. Wenye sukari walikuja toka mbali, kwa sababu ya Mwasiti, si kwa sababu yangu. Mumoja alikuwa Lukeba, muvuvi wa Magara, Mukongomani wa upande wa Uvira, mutu wa taratibu. Alisema, "Ndugu, mimi ni Mukristo, sifungi. Lakini bibi yangu amechoka kunipikia peke yangu. Mama yule ni kweli amepona?"

"Muulize mwenyewe," nikasema. Akaenda kumuuliza. Akarudi akanunua vikopo vitatu.

Katikati ya mufungo mawese ya moto yalimumwagikia Mwasiti kwenye muguu wa kushoto. Niliona kwa macho yangu. Mwingine angeruka mupaka ziwani. Yeye aliangalia chini, akapangusa na kitambaa, akaendelea kukoroga. "Haiumi," akasema, na yeye mwenyewe alishangaa.

Unajua nilifanya nini? Nilienda nayo sokoni. Nikasema, "Dawa yangu imemupa Mwasiti muguu ambao moto unauogopa." Watu wakapiga makofi.

Siku ya Idi Mwasiti hakuja kusali. Alikuwa amefunga muguu na matambara juma mbili bila kuonyesha mutu, na alipofungua, binti yake, jina lake Sikujua, alitoka nje kutapika. Kamiyo ya samaki ikamubeba mupaka hospitali ya Bujumbura. Siku hiyo hiyo Casimir alikuja kwenye meza yangu. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali.

"Asmani, unga wako unatafuna nyama kwenye gilasi. Hata kwenye tumbo labda unasaidia. Lakini sukari ya Mwasiti haiko kwenye tumbo, iko kwenye damu, na unga haufiki kule. Chakula kikisagwa vizuri, sukari inaingia kwenye damu vizuri pia. Ule muguu ulikuwa umekufa ganzi. Ni ugonjwa, si dawa. Nani alimwambia aache vinini?"

"Mimi sikumwambia aache," nikasema. Na ni kweli, kwa mudomo sikusema.

Mwasiti alirudi baada ya miezi miwili, muguu umekatwa chini ya goti. Nilienda kumuona kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa sinia. Mumoja akaniangalia vibaya, na Mwasiti akamukatiza palepale.

"Muacheni Asmani. Dawa yake iliniponesha, sisimizi walikwenda, niliona na macho yangu. Mimi nilikula kwa tamaa, nikairudisha sukari mwenyewe." Halafu kwangu: "Nikipata nguvu uniletee kikopo kingine. Safari hii nitakula kwa kiasi."

Sijui kama umewahi kutetewa na mutu uliyemukata muguu. Nilisikia masikio yanawaka. Nilitafuta mucheko, hakuna. Nikangoja mupaka wanawake wametoka, jua likiwa bado juu, nikakaa chini kwenye mukeka.

"Dada Mwasiti. Sisimizi, ni mimi."

"Ni weye vipi?"

"Nilimwaga mafuta ya taa. Nyuma ya ua wako. Mara mbili."

Binti yake Sikujua alikuwa mulangoni na sufuria mukononi, hakusogea.

"Kwa sababu gani?" Mwasiti akauliza.

"Uliniambia utasimama sokoni."

"Kwa hiyo uliogopa sauti yangu." Aliangalia pale muguu ungekuwa. "Ile harufu niliisikia, Asmani. Nikasema ni taa ya jirani imemwagika. Nilitaka sana iwe ya jirani." Halafu akauliza swali ambalo sikuwa nalo tayari. "Wangapi walinunua kwa sababu yangu? Wenye sukari."

"Kumi na mumoja."

"Siku ya soko utasimama kwenye ile meza utasema. Halafu utakwenda kwa kila mumoja, nyumba yake, utamwambia kwa mudomo wako. Mimi ningekwenda, lakini unaona."

Siku ya soko nikasimama. Nikasema unga wangu hautoi sukari, niliwadanganya, nilimwaga mafuta ya taa kwa Mwasiti. Watu wakacheka mupaka machozi. Mumoja akasema, "Asmani leo amekuja na mupya." Muzee mumoja akatoa mukono anataka kikopo. Niliposema tena kwa sauti kubwa, wakacheka zaidi. Sijawahi kuchekesha watu namna ile maisha yangu yote, na sijawahi kutaka kunyamaziwa namna ile.

Walinyamaza Mwasiti alipofika, kwenye kiti, wapakizi wawili wa samaki wamemubeba. Hakutumia ile sauti. Alisema polepole, "Anasema kweli." Akafunua kitenge mupaka goti. Yule muzee akarudisha mukono wake.

Nikaanza kuzunguka. Wa Rumonge nilimaliza siku mbili. Mumoja alinipiga, nikamushukuru. Wengine walirudi kwa Casimir. Mupaka Kabonga nilifika, nikalala kwa mutu niliyekuja kumwambia nilimudanganya. Wa mwisho alikuwa Lukeba.

Nilifika Magara asubuhi, ndagala, samaki wadogo wa ziwa, zimeanikwa kwenye muchanga. Bibi yake, Vestine, alikuwa anazigeuza. Nikamusalimia Kirundi, amahoro, nikauliza bwana yake.

"Tulimuzika juma tatu zimepita," akasema. "Alilala usingizi, hakuamuka tena. Weye ni nani?"

"Asmani wa Rumonge."

Uso wake ukafunguka. "Wa unga? Karibu, karibu sana. Alikuwa ananihadisia habari zako kila siku. Anasema kule sokoni kuna mutu anachekesha mupaka unasahau ugonjwa." Akanitolea kiti, akanipa chai na muhogo. "Miezi yake ya mwisho aliacha vinini, alikula vizuri, tulikula pamoja, chungu kimoja. Murakoze, asante kwa kuja."

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyasema mara kumi, yamezoea kutoka. Nilikunywa chai. Nikala muhogo. Nikasema Mungu amulaze pema, nikasimama, akanisindikiza mupaka barabarani.

Nyumbani, Mwasiti akaniuliza, "Umewafikia wote?"

"Wote," nikasema.

Alirudia vinini na mihogo yake bila kitu, na Sikujua akachukua mapipa. Aliishi miaka saba tena. Alikufa na homa mwaka wa sabini, na mupaka siku ile aliamini nilimaliza.

Kila mwaka nilisema mvua ikiisha nitakwenda Magara. Halafu ikaja sabini na mbili, mwaka wa mauaji, na hapa kwetu sina haja ya kueleza. Mambo yalipotulia kidogo nilikwenda. Mulango ulikuwa wazi, jiko limejaa majivu yaliyolowa. Jirani mumoja aliyebaki alisema Vestine alivuka ziwa, labda Fizi, labda Kigoma, hajui.

Vestine, kama uko, ama kama kuna mutu anakujua: bwana yako hakufa kwa bahati mbaya. Aliacha vinini vyake kwa sababu yangu mimi. Ile chai sikustahili.