Kanuni ya Maghala

Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, nilikuwa fundi sanifu wa majengo katika chama cha ushirika Bariadi. Mimi na mhasibu wa chama, dada mmoja wa Maswa, tulikuwa tunatengeneza kanuni ya kukadiria gharama na muda wa kujenga ghala. Kwenye mafaili ya maghala ya zamani tuliona yanayoamua ni ukubwa wa jengo, umbali kutoka mjini, na udongo. Ghala likiwa mbugani, kwenye ule udongo mweusi unaopasuka, msingi ulimeza kazi karibu maradufu.

Tuliijaribu kanuni kwa ghala la Dutwa, ambalo hatukuwa tumeliingiza katika hesabu. Jibu lilikaribiana mno na gharama halisi. Mwenzangu akapiga makofi, akanishukuru kwa Kisukuma.

"Wabeja, kaka! Imekubali!"

Lakini msimu ule wafanyabiashara walinunua pamba na kuipakia moja kwa moja kwenye malori yao. Chama hakikujenga ghala tena.

"Twende Mwanza tufungue ofisi yetu," akaniambia. "Makandarasi watatuhitaji."

"Tungoje kidogo, dada. Ushirika utarudi."

Aliningoja msimu mzima, kisha akaenda peke yake. Mimi nilipunguzwa kazini, nikaishia kuuza misumari katika duka la vifaa vya ujenzi. Wateja walinieleza nyumba wanazotaka kujenga, nami nikakadiria gharama yote kichwani, kisha nikawapimia misumari yao. Najuta hadi leo. Sikubaki kwa sababu ya ushirika; niliogopa tu kuanza upya.