Mkunga Aliyevuka Daraja la Nurang

Bakhtawara alikuwa mkunga wa bonde zima, kule Waziristani, na vijana wengi waliobeba bunduki bondeni humo walipokelewa duniani na mikono yake. Mumewe aliuawa na kombora lililokosea nyumba. Nani alilirusha hakujua, na baada ya muda aliacha kuuliza.

Wapiganaji wa pale walikuwa kundi moja zamani, chini ya amiri mmoja. Amiri alipokufa, Nurang na Jangrez kila mmoja akasema kilemba ni chake. Wazee wakakaa jirga, baraza lao la usuluhishi, na Nurang akamwoza Jangrez dada yake, Torpekai, ili ukwe uzibe ufa. Haukuzibika. Mwaka haukuisha kabla hawajaanza kupigana risasi, Nurang ameshika daraja na soko, Jangrez kilima na misonobari yake, kila mmoja akimwita mwenzake msaliti wa dini.

Asubuhi moja ya baridi, mzee Lawang, ami yake Jangrez, alibisha mlangoni kwa Bakhtawara akiwa amelowa hadi kiunoni. Alikuwa amevuka mto kwa miguu.

"Dada, Torpekai ana uchungu tangu jana. Mtoto amekaa vibaya."

"Twende. Lakini mtoni siingii. Nitapita darajani kama watu."

Darajani alisimama Khaista, kijana wa Nurang, kidole kwenye bunduki.

"Shangazi, rudi. Havuki mtu kwenda kwa Jangrez."

"Khaista, wewe ulitanguliza matako siku ya kuzaliwa, na mpaka leo hujageuka. Niitie mkubwa wako."

Wenzake wakacheka. Khaista, uso umemwiva, akamwita Nurang kwenye redio na kumweleza. Sauti ikajibu kwa mkwaruzo: "Mwambie kwamba dada yangu alishachagua nyumba yake."

Bakhtawara akaipokonya redio. "Hakuchagua. Ulimtoa wewe."

Sauti ikarudi: "Rudi nyumbani, shangazi."

Akairudisha redio, akavua shela yake ya juu, akaitandaza chini mbele ya miguu yao. Huko kwao, shela ya mwanamke ikishatupwa kati ya wanaume wenye silaha, hakuna mwenye heshima atakayeikanyaga. Vijana wakageuza nyuso. Khaista akautazama mto kana kwamba hajapata kuuona. Hakuna aliyemruhusu Bakhtawara, na hakuna aliyemzuia. Akavuka, na Lawang akamfuata, macho chini.

Kazi ilikuwa ngumu. Alimgeuza mtoto tumboni kwa mikono, taratibu, Torpekai akiuma kitambaa, na kabla ya alasiri mtoto akalia. Jangrez alikuwa akisubiri uani.

"Nini?"

"Binti. Na mama yake mzima, kama ulikuwa njiani kuuliza."

Jangrez akainamisha kichwa. "Kaa huku kwetu. Ukirudi, yule atakuua."

"Ng'ambo kuna wenye mimba wawili. Nani atawazalisha, wewe?"

Aliporudi, Nurang mwenyewe alikuwa darajani. Hakumsalimu. Alimpa shela yake, imekunjwa, huku akitazama kwingine.

"Yu hai?"

"Yu hai. Una mpwa wa kike."

Nurang akaitikia kwa kichwa. Jioni ile risasi zilianza saa zake za kawaida.

Theluji haikuwahi kuyeyuka kabla Jangrez hajauawa kwa bomu, akitoka msikitini. Nurang akakishika kilima na kumhamishia dada yake nyumbani kwake. Torpekai alimpikia, akamfulia, akamlea mtoto chini ya paa lake, wala hakumsemesha kaka yake neno. Bakhtawara alikuwa akipita kumwona mtoto, na mara moja alimuuliza kama hachoki kunyamaza.

"Sinyamazi," alisema Torpekai. "Naongea na mwanangu."

Kiangazi, naibu wake Nurang naye akakitaka kilemba, na Nurang akazikwa. Siku ya maziko Bakhtawara hakuwepo. Alikuwa juu mlimani kwa mwanamke mwenye mapacha, na wa pili alikuwa anachelewa kutoka.